Kutoka Meru hadi Unguja: Bima ya Safari na Amana ya Msafara

Kata ya Engutoto imo ndani ya Jiji la Arusha, na mkazi wake huamka akiutazama mlima Meru, ambao kilele chake kimepita mita 4,500 kutoka usawa wa bahari. Bahari yenyewe iko mbali naye. Ni safari ya kutwa nzima ya basi, zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam, kisha takriban saa mbili za boti ya mwendo kasi hadi Unguja. Kwa sababu hiyo, shule zinapofungwa mwezi Desemba, familia nyingi za upande wetu hutamani kuwapeleka watoto wakaione bahari, wazuru jamaa, na wasali japo rakaa mbili katika msikiti wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ya kale yanarejea mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia.

Likizo iliyopita familia 11 za msikiti wetu ziliazimia kufanya safari hiyo kwa pamoja. Tulikuwa watu 43. Mdogo kabisa alikuwa mtoto mchanga wa miezi minane, na mkubwa kabisa bibi wa miaka 73. Kamati ilimteua amiri wa msafara kama sunna inavyoelekeza, mweka hazina akakusanya nauli, na mimi, kwa kazi yangu ya ukatibu, nikapewa jukumu la kutafuta bima ya safari. Ninayaandika haya kwa manufaa ya familia nyingine zinazojiandaa kushuka pwani. Neno kubwa ni moja: bima ni ahadi iliyoandikwa. Humkinga aliyeandikwa, katika njia iliyoandikwa, dhidi ya jambo lililoandikwa. Bei hufuata baada ya hayo matatu.

Tawakkul na takaful

Swali la kwanza lililoulizwa kikaoni halikuwa la fedha. Mzee mmoja aliuliza kama kukata bima si kupungukiwa na tawakkul. Imamu alimjibu kwa kisa mashuhuri cha yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, naye akaelekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kushika sababu ni sehemu ya imani. Asiyeshika sababu yoyote, kisha akawaachia jamaa zake deni la hospitali, hajawatendea haki.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi: ni bima ya namna gani? Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lenye makao yake Jeddah, liliamua katika kikao chake cha Desemba 1985 kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari inayobatilisha mkataba, na kwamba badala yake inayokubalika ni bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya kusaidiana. Wapo wanazuoni waliokuwa na mtazamo tofauti, kama Sheikh Mustafa az-Zarqa wa Syria, aliyeona kuwa bima inajuzu. Hata hivyo njia ya ushirikiano ndiyo isiyo na ubishi mkubwa, na ndiyo inayoitwa takaful.

Katika takaful, kila mshiriki hutoa mchango wake kwa nia ya tabarrui, yaani kujitolea, na michango hiyo huwekwa katika mfuko wa washiriki wenyewe. Kampuni ni msimamizi tu, hulipwa ujira wa uwakala au fungu la faida ya uwekezaji. Fedha haziwekwi katika riba wala biashara ya haramu, na bodi ya sharia husimamia. Kampuni ya kwanza ya namna hii ilianzishwa Sudan mwaka 1979. Jirani zetu wa Kenya walipata Takaful Insurance of Africa mwaka 2011. Hapa Tanzania, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na Shirika la Bima la Zanzibar nalo limefungua huduma ya takaful. Kwa hiyo Mwislamu wa Arusha anayo njia, ila aulize mambo matatu: mfuko wa washiriki umetenganishwa na mali ya kampuni? Bodi ya sharia ni ya akina nani? Ziada ikibaki mwisho wa mwaka huenda wapi? Jina la takaful kwenye bango halitoshi.

Barabara kwanza, bahari baadaye

Tulipoomba bei kwa kampuni tatu, mbili zilituletea hati zinazoanza kukinga pale abiria anapopanda boti Dar es Salaam. Ya tatu ilianza kukinga tangu tunapofunga milango ya nyumba zetu Engutoto hadi tunaporudi kuifungua. Tofauti ya bei haikuwa kubwa. Tofauti ya kinga ilikuwa kilomita 600 na zaidi, kwenda na kurudi.

Msomaji aliyepita njia ile anaijua. Basi huondoka Arusha alfajiri, hupita Usa River na Moshi, kisha huandamana na milima ya Upare mkono wa kushoto hadi Same. Huko joto huanza na watoto huvua masweta. Mbele ni Mombo chini ya Usambara, mashamba ya mkonge ya Korogwe, halafu Segera na Chalinze, malori yakizidi kadiri Dar es Salaam inavyokaribia. Watu wanapofikiria bima ya safari ya Unguja hufikiria mawimbi, lakini saa nyingi za safari ya mtu wa Arusha zinapita juu ya lami.

Ni kweli kwamba sheria ya Tanzania inalazimisha kila gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, na abiria wa basi ana haki ya kudai fidia kupitia bima hiyo. Uhai wa bima ya basi unaweza kuhakikiwa katika mfumo wa TIRA kwa namba ya gari, na amiri wetu alifanya hivyo kabla ya kulipa nauli. Lakini madai ya namna ile huhitaji taarifa ya polisi, fomu ya PF3, vyeti vya hospitali na subira ya miezi. Hayalipi kitanda cha hospitali usiku ule wa ajali. Bima ya safari inayoanzia nyumbani ndiyo inayoweza kufanya hivyo, ikiwa imeandikwa.

Jina lisiloandikwa

Katika bandari ya abiria ya Dar es Salaam, watu wenye mizigo wanasukumana, wachukuzi wanaita, na bahari inaonekana kati ya majengo. Hapo ndipo uzito wa jina unapodhihirika.

Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu wengi mno kupita kiwango chake. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, njia ile ile tunayopita sisi. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia. Katika misiba hiyo, juu ya huzuni ya kupoteza watu, lilizuka swali la nani hasa alikuwemo. Waliopanda bila kuandikwa majina waliwaachia jamaa zao kazi ya kuthibitisha hata kuondoka kwao. Mjane asiyeweza kuthibitisha kwamba mumewe alipanda chombo hupata taabu katika fidia, katika eda na katika mirathi.

Kwa hiyo tuliweka sharti kwamba jina la kila mtu liwe moja katika kitambulisho, katika tiketi na katika hati ya bima. Kazi hii ilikuwa ngumu kuliko tulivyotarajia. Kina mama wanajulikana mtaani kwa majina ya watoto wao. Vijana wawili walikuwa na majina ya shule yasiyofanana na vyeti vya kuzaliwa. Mtoto mchanga hakuwa na cheti kabisa, na wazazi wake walilazimika kukifuatilia kwa wiki tatu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Aliyezoea mafundisho hayo haoni uandishi wa majina kuwa usumbufu.

Hati nyingi pia huuliza ni nani atakayepokea fedha mwenye bima akifariki. Usijaze nafasi hiyo kwa haraka. Uliza kampuni na bodi yake ya sharia kama anayetajwa humiliki malipo hayo au ni mwenye amana anayepaswa kuwafikishia warithi, kisha yaandike katika wasia wako. Ugomvi wa ndugu baada ya msiba mara nyingi huanzia katika mstari mmoja uliojazwa bila kuelezana.

Maradhi yanayofichwa

Fomu ilikuwa na swali la maradhi ya zamani. Bibi yetu wa miaka 73 ana shinikizo la damu na kisukari. Mjumbe mmoja, kwa nia njema, alishauri tusiyataje: mchango utapanda, au atakataliwa, na safari hii huenda ikawa ya mwisho kwake kumwona dada yake aliyeolewa Unguja miaka mingi iliyopita.

Imamu alisema kuficha kasoro katika mkataba ni ghishi, hata kama anayefichwa ni kampuni tajiri. Katika takaful ni kubaya zaidi, kwa kuwa mfuko ni wa Waislamu wenzako. Upande wa sheria nao hauko mbali na hapo: mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli kamili, na kampuni ikigundua kwamba jambo zito lilifichwa inaweza kukataa kulipa siku ya haja. Mtu atakuwa ametoa mchango, amebeba kadi mfukoni, na hana bima.

Bibi aliulizwa mwenyewe. Alisema, "Wanangu, andikeni yote. Sitaki kwenda kumwona dada yangu kwa uongo." Kampuni moja ilimkataa kwa sababu ya umri. Nyingine ilimkubali lakini ikaondoa kila kinachohusu presha na sukari, yaani ilimkinga na yale yasiyokuwa yakimtisha. Ya tatu, ambayo ni ya takaful, ilitaka barua ya daktari na mchango wa ziada. Familia nyingine kumi zilikubaliana kuugawana mchango huo, na binti yake hakuachiwa aubebe peke yake.

Upepo, hospitali na mzigo

Wazee wa pwani huhesabu safari kwa kaskazi na kusi. Siku hizi tunayo pia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na tahadhari zake ni za kusikilizwa. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Abiria aliyekwama hulipia malazi na chakula cha siku asizozipanga. Hati nzuri hulipa sehemu ya gharama hizo baada ya saa kadhaa za kuchelewa. Soma ni saa ngapi. Soma pia tarehe, kwa kuwa bima iliyokatwa baada ya tahadhari kutangazwa kwa kawaida haihusishi dhoruba hiyo. Anayengoja kuona mawingu ndipo akate bima amechelewa.

Siku ya tatu Unguja, bibi alizidiwa na joto na presha ikapanda. Alilazwa usiku mmoja katika hospitali ya mjini. Hati yetu ilitaka kampuni ipigiwe simu ndani ya saa 24, na namba ilikuwa imenakiliwa katika simu za watu wanne. Amiri alipiga usiku ule ule, na gharama zikalipwa isipokuwa ile sehemu ya mwanzo ambayo kila mwenye bima hubeba mwenyewe. Alhamdulillah, kesho yake alasiri dada yake alikuja kumchukua kwa mkono wake.

Msafiri mwingine alipoteza simu sokoni Darajani, naye hakulipwa kitu. Hati ilitaka taarifa ya polisi, naye aliona kwenda kituoni ni kupoteza siku ya matembezi. Kampuni ilifuata maandishi. Palipokuwa na karatasi palilipwa, na pasipokuwa nayo hapakulipwa.

Wenye ndugu wanaokuja kutoka nje wafahamu jambo jingine. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 za Marekani, hata kama ana bima ya kwao. Mtanzania hahusiki na sharti hilo. Lakini kutohusika na sharti si sawa na kutokuhitaji kinga, na hapo ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo.

Meli kubwa za matembezi

Baadhi ya wasomaji wana jamaa Muscat au Dubai, nao hualikwa kupanda zile meli kubwa za matembezi zinazozunguka Ghuba wakati wa baridi. Humo mtu hulala, hula na huhama bandari hadi bandari. Kanuni ni zile zile, lakini gharama ni nyingine kabisa. Daktari wa melini hutoza kama hospitali ya binafsi, na bima ya afya ya nyumbani kwa kawaida huishia mpakani. Mgonjwa mahututi huweza kuhamishwa kwa helikopta, na gharama yake inaweza kumaliza akiba ya familia ya miaka mingi. Mtu aliyeshuka bandarini akachelewa huachwa, na kuifuata meli ni juu yake.

Mwezi Februari 2020, meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao wakaambukizwa korona. Kwa hiyo katika hati ya meli kama hiyo tazama mambo manne: kiwango cha matibabu, kuhamishwa mgonjwa hadi hospitali ya nchi kavu na kisha hadi kwao, kukosa bandari, na kuzuiliwa kwa karantini. Ongeza la tano, ambalo wengi huona haya kulitaja: kusafirisha maiti au kuzika huko huko kwa taratibu za Kiislamu. Mama mjamzito naye aulize mpaka wa wiki, maana hati nyingi huuweka.

Ushauri kwa familia na kamati

Anzeni miezi miwili kabla. Kusanyeni vitambulisho na vyeti kwanza, kisha barua za madaktari, kisha ombeni bei kwa kampuni zisizopungua tatu, zote zenye leseni ya TIRA. Msilinganishe bei peke yake. Wekeni hati tatu mezani, na mtu mmoja asome kwa sauti sehemu ya mambo yasiyolipwa, kwa kuwa humo ndimo utofauti ulimo. Ikiwa hati ni ya Kiingereza, wakala aieleze kwa Kiswahili mbele ya wasafiri wote, wakiwemo kina mama, ambao mara nyingi ndio wanaojua maradhi ya kila mtoto. Nakala moja ibaki Arusha kwa jamaa asiyesafiri. Mkiona mmedhulumiwa katika madai, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nayo husikiliza malalamiko ya wananchi.

Kisha, mkiisha kuyafanya hayo, someni dua ya safari, mwombeane msamaha na majirani, na mpande basi kwa utulivu. Ajali na salama ziko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Kilicho mikononi mwetu ni amana ya watu tunaosafiri nao, na amana hiyo huanza kutekelezwa siku majina yao yanapoandikwa sawasawa.

Wabillahi tawfiq.